Mipira Minne na Daftari la Wifi



Wapenzi wasomaji, kisa nitakachowasimulia kilianza kwa ujumbe mfupi wa simu. Ilikuwa baada ya sala ya Isha. Nilikuwa nimekwisha kumlaza mavyaa na kumfunika mablanketi mawili, kwani usiku wa Gilgil una baridi ambayo nyinyi mlioko Pwani mwaisikia kwa habari tu. Simu ikalia. Alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akiandika kutoka Mombasa: "Wifi, samahani sana. Nimepitia hesabu za mafuta mara tatu. Gari ni lile lile, safari ni zile zile, na huu ni mwezi wa tatu fedha zinazidi. Nieleweshe, nisije nikaulizwa na wenzangu nikakosa la kusema."

Hakuna neno baya katika maneno hayo. Hata hivyo nililala nikijigeuza hadi alfajiri. Kilichozidi kilikuwa takriban shilingi 1,150 kwa mwezi. Lakini zilikuwa fedha za watu, na aliyeshika usukani nilikuwa mimi peke yangu. Angetaka mtu kudhani kwamba ninaliendesha gari la mgonjwa kwenye arusi na sokoni, ningemjibu nini?

Acha niwaeleze gari lenyewe. Baba mkwe wangu, Mola amrehemu, alikuwa mfanyakazi wa reli. Akajenga nyumba yake Gilgil, na Gilgil ndiko alikozikwa. Figo za mavyaa ziliposhindwa kazi tulimsihi arudi Mombasa, akakataa kuihama nyumba aliyoachiwa na mumewe. Basi mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, nampeleka hospitali Nakuru akasafishwe damu kwa mashine. Ni kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, na katikati yake ni saa nne za kungoja. Matibabu yanalipiwa na bima. Petroli hailipiwi na bima yoyote.

Matatu haikumfaa. Atokapo kwenye mashine huwa hana nguvu hata ya kuinua mtandio wake. Mume wangu naye huondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kazini kwenye shamba la maua Naivasha. Ndipo ukoo ukakaa, walioko Mombasa na walioko Muscat, wakachanga, na mwaka 2023 tukanunua Toyota Aqua iliyoundwa mwaka 2016, ikaja kwa meli kutoka Japani. Ni gari la haibridi, yaani lina injini ndogo ya petroli na mota ya umeme, na ukikanyaga breki sehemu ya nguvu za mwendo hugeuzwa umeme ukarudi kwenye betri. Tulilichagua kwa sababu hiyo hasa, lipunguze gharama ya safari zisizokwisha. Wifi akafanywa mweka hazina. Kila mwanzo wa mwezi hutuma fedha za mafuta, na kila mwisho wa mwezi mimi humtumia picha za risiti na idadi ya kilomita. Kwa safari za hospitali pamoja na dawa na kliniki, hukaribia kilomita 900.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni. Nimekulia penye vichochoro ambavyo mkokoteni hupita kwa taabu, na leseni ya udereva niliipata nikiwa na miaka 38. Juu ya magari nilijua kuendesha na kujaza petroli, basi. Lakini wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari nilikuwa nalo. Asubuhi ile nililifungua nikaanza kupiga hesabu ambazo sikuwahi kuzipiga. Njia yake ni nyepesi, na yeyote kati yenu aweza kuifanya jikoni kwake: jaza tangi hadi pomoni, andika kilomita; ukirudi kujaza tena hadi pomoni, gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Miezi ya nyuma gari lilikuwa likienda kilomita 22 kwa lita moja. Miezi mitatu ya karibuni lilikuwa likienda 19.

Nikatazama tarehe. Miezi mitatu kabla yake nilikuwa nimebadilisha mipira yote minne.

Mipira ya awali, au tairi kama wasemavyo huku bara, ilikuja na gari kutoka Japani, na ilikuwa imeisha meno hadi kukaribia kipara. Nikaenda duka moja mjini Nakuru. Muuzaji aliniuliza bei niliyo nayo kabla ya kuniuliza gari nililo nalo. Akanionyesha mipira minene, myeusi inayong'aa, akaipiga konde na kusema, "Mama, hii ni ngumu, haitoboki, ndiyo ya barabara za huku." Kila mmoja ulikuwa shilingi 5,800, ilhali mingine iliyokuwa pembeni ilikuwa 8,000. Nilimshukuru Mola kwa kuwaokolea jamaa shilingi 8,800, nikampigia wifi simu kumpa habari njema. Wapenzi wasomaji, unafuu ule ndio uliokuja kunikosesha usingizi.

Alhamisi iliyofuata, mavyaa akiwa kwenye mashine, nilimwendea fundi mmoja mzee mjini Nakuru ambaye amezoea magari ya haibridi. Nilimweleza hesabu zangu. Hakufungua boneti. Alichuchumaa penye gurudumu, akachomeka kipimo cha upepo, akasoma, akaenda la pili, la tatu na la nne. Kisha akaniambia nirudi nyumbani nikapime mwenyewe kesho alfajiri kabla gari halijatembea, kwani mpira uliotoka safari huwa umepata moto na kipimo hudanganya. Nilinunua kipimo kama chake. Kesho yake alfajiri, kwa mwanga wa simu, nilikuta psi 26, 27, 25 na 28. Kwenye kibandiko kilicho kando ya mlango wa dereva maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu: kilopaskali 220, ambazo ni takriban psi 32. Kijana aliyenijazia upepo kituoni alikuwa amenijazia saa nane mchana, lami ikiwa ya moto. Huku Bonde la Ufa mchana waweza kuwa na joto la nyuzi 26 na alfajiri nyuzi 10, na upepo ndani ya mpira husinyaa kwa baridi. Kilichosomeka 30 mchana, alfajiri hakikuwa 30.

Niliporudi Jumatatu fundi alinieleza kwa nini jambo dogo kama hilo hula petroli. Mpira ukanyagapo lami hubonyea, kisha hurudi katika umbo lake. Mpira wa ukubwa wa gari letu hufanya hivyo takriban mara 520 katika kila kilomita. Nami nikaelewa kwa njia ya jikoni: ukikanda unga wa mahamri, mkono huchoka na unga hupata vuguvugu, nguvu za mkono zimeingia mle. Mpira nao hukandwa na barabara, na joto upatalo limetoka kwenye petroli. Ukiwa na upepo pungufu hubonyea zaidi, na hukandika zaidi. Breki ya haibridi hurudisha kitu kwenye betri, lakini joto lililopotea mpirani halirudi.

Akaniambia pia kwamba mipira haitofautiani kwa unene na meno pekee. Hutofautiana kwa unga uliokandiwa. Upo mpira uliochanganywa ili ubonyee na kurudi bila kula nguvu nyingi. Zamani mpira wa namna hiyo ulikuwa ukiteleza kwenye maji, mpaka kampuni ya Michelin ilipoanza mwaka 1992 kutia silika mahali pa sehemu ya masizi meusi, ikawezekana kupunguza upotevu wa nguvu bila kuuvunja mshiko. Silika ni madini yaliyomo kwenye mchanga. Hata ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi, ambao sisi hupita kando yake kila Jumatatu na Alhamisi, kwa sehemu kubwa ni silika. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba ukinzani wa mpira ukipungua kwa asilimia 10, gari hupata nafuu ya mafuta ya asilimia 1 hadi 2. Ni kidogo kwa safari moja. Kwa mtu aendaye hospitali mara mbili kila wiki, mwaka baada ya mwaka, ni jambo la kuandikwa daftarini.

Fundi akanyoosha mwelekeo wa magurudumu, kwani mawili ya mbele yalikuwa yakitazamana kidogo, na gari lilikuwa likiburuta mipira badala ya kuiviringisha. Nikarekebisha upepo. Mwezi ule nilipata kilomita 19.9 kwa lita. Nilifurahi, lakini bado 22 ilikuwa mbali. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulitarajia: ile 22 yenyewe haikuwa 22 kamili. Mpira uliolika huwa mdogo kwa kimo, kwa hivyo huzunguka mara nyingi zaidi katika kilomita ile ile, na mita ya gari huhesabu mizunguko. Baina ya mpira mpya na ulioisha kabisa, tofauti yaweza kufika asilimia 2. Kwa hivyo kila abadilishaye mipira ataona kana kwamba mafuta yamezidi hata kama hayakuzidi. Isitoshe, mpira mpya una meno marefu yenye kubonyea zaidi. Nikaona kwamba sehemu ya dhambi niliyokuwa nikijisingizia ilikuwa ya mita.

Kisha, akiwa bado amechuchumaa, fundi aliutazama ubavu wa mpira mmoja na kunyamaza. Akaniita nisome. Ndani ya duara dogo palikuwa na tarakimu nne: 1117. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Mipira niliyouziwa kuwa mipya ilitengenezwa katika wiki ya 11 ya mwaka 2017, na mwaka niliouziwa ulikuwa 2024. Meno yalikuwa kamili, lakini mpira wenyewe ulikuwa umekaa ghalani miaka saba. Mpira huzeeka hata usipotumiwa. Hukauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji. "Mama," akaniambia, "mafuta ni shida ndogo ya hii tairi."

Nilimsikia kwa masikio, lakini moyoni nilijiambia nivumilie hadi mwaka uishe. Ningewezaje kumwomba wifi fedha za mipira mingine minne, na ile ya kwanza haijatimiza hata miezi mitano?

Jibu lilikuja Alhamisi moja ya mvua za vuli. Mnaoijua njia hiyo mwajua kwamba ukishapita nyama choma za Kikopey barabara huteremka kuelekea ziwa Elementaita, na malori ya mizigo kutoka bandarini Mombasa hushuka pale kwa mwendo wa jongoo, moja nyuma ya lingine. Ilikuwa mvua ya kwanza baada ya wiki kadhaa za vumbi, na mvua ya kwanza ndiyo inayoteleza kuliko zote, kwa sababu huchanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka lamini. Nilikuwa sikimbii. Lori la mbele likawasha taa za breki. Nikakanyaga yangu, na gari halikusimama. Lilikwenda kama mashua iliyokatwa kamba, usukani mwepesi mikononi, na namba ya lori ikawa inakua machoni mwangu mpaka niliweza kuisoma herufi kwa herufi. Tulisimama pakiwa pamebaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu.

Mavyaa alikuwa nyuma, ameegemea mto wake. Nilimsikia akisema shahada kwa sauti ndogo, taratibu, kama mtu ambaye ameshajitayarisha. Kisha akaniuliza, "Umzima, mwanangu?" Yeye ndiye mgonjwa, na yeye ndiye aliyeniuliza. Sikuweza kumjibu. Niliegesha kando, mvua ikipiga bati la gari, mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

Jioni ile nilimweleza mume wangu kila kitu, pamoja na tarehe iliyo ubavuni mwa mpira. Hakunilaumu. Alisema, "Kesho usiende popote. Jumatatu tutakodi teksi. Jumamosi tutakwenda pamoja kutafuta mipira." Mwenye duka la kwanza alipoonyeshwa zile tarakimu nne alisema mali ikishatoka dukani hairudi. Tulimwacha na hesabu yake kwa Mola.

Duka la pili lilikuwa na kijana mwenye subira. Aliangalia kwanza namba za gari letu: 175/65R15 84S. Naziandika hapa kwa sababu wengi wetu twaziona kila siku bila kuzisoma. 175 ni upana wa mpira kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 84 ni uzani ambao kila mpira waweza kuubeba, nao ni kilo 500. Na S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa. Muuzaji akikupa upana mwingine kwa kuwa ndio alio nao, au namba ya uzani iliyo chini ya ile ya gari lako, mwage kwa heshima uende zako.

Kisha akatuwekea mbele mipira ya aina mbili, yote ya mwaka ule ule, na bei zake zikikaribiana na 8,000. Kila mmoja ulikuwa na lebo ya Umoja wa Ulaya. Lebo hiyo ilianza mwaka 2012, na tangu Mei 2021 ina madaraja matano, kutoka A iliyo bora hadi E iliyo duni. Upande mmoja pana picha ya pampu, nayo ni daraja la mafuta. Upande wa pili pana picha ya wingu, nayo ni daraja la kushika breki penye maji. Wajapani nao wana yao tangu mwaka 2010: kwa mafuta huanzia AAA na kuishia C, na kwa mvua huanzia a na kuishia d. Mipira mingi iuzwayo kwetu haina lebo yoyote, lakini kuuliza si haramu, na mara nyingine muuzaji anayo karatasi yake nyuma ya kaunta.

Mpira wa kwanza ulikuwa A kwa mafuta na D kwa mvua. Wa pili ulikuwa B kwa mafuta na B kwa mvua.

Nakiri mbele yenu kwamba mkono wangu ulikwenda kwenye ule wa kwanza. Nilichokuwa nikikitaka wakati ule ni tarakimu. Nilitaka mwisho wa mwezi nimtumie wifi daftari lenye 22 nyingine, bila neno, akajionee mwenyewe. Nilikuwa nimelibeba lile swali lake kwa wiki nyingi, na A ilikuwa jibu langu.

Mume wangu aliniomba kalamu. Tukakaa kwenye kiti cha mbao mle dukani tukapiga hesabu. Baina ya daraja moja la mafuta na la pili, tofauti ni kama lita moja kwa kilomita 1,000. Kwetu sisi, kwa kilomita 900 za mwezi na petroli ikiwa shilingi 180 hivi kwa lita, ni takriban shilingi 160. Baina ya daraja moja la mvua na la pili, gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 3 hadi 6 zaidi ili lisimame. Na kutoka B hadi D ni madaraja mawili. Akaandika kwenye karatasi: shilingi 160 kwa mwezi, mita 6 au zaidi. Hakuongeza neno. Nami nikalikumbuka lile lori, na nafasi iliyobaki baina yetu na bamba lake la namba, ambayo haikufika hata mita moja.

Tukachukua B kwa B. Kabla ya kulipa nilipita kila mpira nikasoma tarakimu zake nne. Kijana alicheka, akasema mimi ni mteja wa kwanza kumfanyia hivyo.

Usiku ule nilimwandikia wifi. Sikumtumia tarakimu pekee. Nilimweleza kwamba nilikuwa nimekosea: nilinunua kwa kutazama bei tu, sikupima upepo kwa miezi mitatu, na jamaa wamepata hasara ya mipira minne kwa mkono wangu. Nikamweleza habari za mteremko wa Elementaita, ambazo nilikuwa nimemficha. Nikamwambia kwamba mipira niliyoichagua safari hii itatumia mafuta kidogo zaidi ya mingine iliyokuwapo, na kwamba ninayo sababu, na kwamba akiona sababu haitoshi basi tofauti hiyo nitailipa mimi.

Alijibu kwa sauti badala ya maandishi. Kwanza palikuwa na kimya kirefu, kisha nikamsikia akivuta pumzi. "Wifi, nisamehe. Mimi nilikuwa nikihesabu petroli. Sikujua kwamba nilikuwa nikihesabu na roho ya mama." Akanyamaza tena, kisha akasema kwamba hizo shilingi 160 ataziandika kwenye ukurasa wake peke yake, na kichwa cha ukurasa huo atakiita "mvua".

Mipira hiyo sasa yanipa wastani wa kilomita 21.2 kwa lita, mvua na jua. Ukilinganisha na 19.9, ni nafuu ya lita 2.8 hivi kwa mwezi, karibu shilingi 500 kwa bei ile. Ile ziada ya shilingi 8,800 niliyoogopa kuitoa mara ya kwanza ingalijilipa yenyewe kwa mwaka mmoja na nusu, na mipira ingali hai. Unyooshaji wa magurudumu na upepo uliokaa sawa huniletea lita 2 na zaidi kila mwezi, na upepo sikuulipia hata senti. Niwatahadharishe pia juu ya wale wajazao upepo kupita kiasi wakidhani wataokoa zaidi: mpira uliovimba hukanyaga lami kwa sehemu ndogo ya katikati, hulika upesi, na penye maji hukuacha. Kiasi ni kile kilichoandikwa mlangoni.

Dini yetu imetukataza israfu, na katika nyumba nyingi israfu twaitafuta kwenye sufuria na kwenye kabati la nguo. Mimi niliikuta kwenye mpira wa gari, tena nilikuwa nimeinunua mwenyewe nikidhani ni uwekevu. Tumefundishwa pia tumfunge ngamia kwanza ndipo tumtegemee Mola. Nilikuwa nikisoma dua ya safari kila nitokapo langoni, huku ngamia wangu nimemwacha bila kamba.

Mwezi wa Aprili wifi alikuja kumzuru mama yake. Masika yalikuwa yamepamba moto, na Alhamisi tulipoteremka Kikopey mvua ilikuwa imefunika ziwa lote lisionekane. Lori la mbele likawasha taa za breki. Nikakanyaga yangu, gari likasimama penye nafasi yake, na mavyaa hata hakuamka. Wifi alinitazama, akarudisha macho barabarani, hakusema kitu hadi tulipofika Lanet.

Kesho yake alfajiri, baada ya sala, nilisikia mlango wa nje ukifunguliwa. Nilipotoka nilimkuta amejifunga leso mbili na sweta la mume wangu, amechuchumaa penye gurudumu la mbele kwenye umande, kipimo mkononi, daftari limefunguliwa juu ya boneti. "Wifi," akaniambia bila kugeuka, "hili la kushoto limeshuka hadi 30. Pampu iko wapi?"

Mola awaponye wagonjwa wetu wote, awalinde walio njiani, na atusahilishie kila lililo zito. Amin.